Sauti ya Mama Jacky

Stima ilipotea saa saba na dakika kumi mchana, na dakika tano baadaye simu ya meza ya saba ikalia.

Ngoja nieleze vizuri, maana kuna watakaouliza ajabu iko wapi. Hiyo haikuwa simu ya mezani mnayoijua. Huu ulikuwa mwaka wa 2007, na hii ofisi ya Upper Hill, ghorofa ya sita, ilikuwa na simu kumi na mbili za USB. Ukiiangalia utasema ni simu tu: ina mkono wa kushika, ina vitufe, ina kioo kidogo cha kijani. Lakini mkia wake hauendi ukutani. Unaingia kwenye kompyuta, na sauti inapita kwa intaneti mpaka Uingereza. Kompyuta ikizima, hiyo simu inabaki plastiki. Haina laini, haina betri, haina kengele yake. Na mchana huo kompyuta zote zilikuwa zimezima.

Aliyekuwemo ni Nanyama peke yake. Wenzake walikuwa wameteremka kutafuta chakula barabarani, yeye akabaki na githeri yake ya kutoka nyumbani kwenye mkebe. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane, Mbukusu, anaishi Kangemi na binti yake wa miaka sita anayeitwa Jacklyne. Baba ya mtoto tusimtaje. Yeye mwenyewe hajitaji.

Kazi yao pale ilikuwa kuwapigia Waingereza na kuwauliza kama madirisha ya nyumba zao yamezeeka. Usicheke, watu walilea familia kwa hiyo kazi. Bosi wao alikuwa Gerishon, mzee wa Riruta, mwenye ng'ombe watatu nyuma ya nyumba zake za kupangisha na tai shingoni hata Jumamosi. Gerishon alikuwa na sheria mbili. Simu ikilia, ipokee kabla ya mlio wa tatu. Na jina la nyumbani lisitajwe kamwe, kwa sababu Mwingereza akisikia jina asiloliweza, anakata. Kwa hiyo kila meza ilikuwa na jina lake la kizungu, limeandikwa kwa kalamu nyekundu na kubandikwa kwenye simu. Meza ya tatu ilikuwa Jeremy, awe amekaa nani. Meza ya saba ilikuwa Debra. Nanyama alikuwa Debra saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili.

Sasa mazoea unayajua. Mlio wa pili haujaisha, mkono umeshaenda wenyewe. Simu iko sikioni, kijiko cha githeri kiko mkono wa pili, na Nanyama anasema kwa Kiingereza chake cha kazi kwamba hapa ni Debra, akusaidie vipi.

Akasikia pumzi ndefu, na sauti ambayo hukuweza kujua ni ya mwanamume au ya mwanamke, ikisema kwa Kiswahili.

"Debra hayuko."

"Ni mimi," alisema Nanyama.

"Hapana. Hilo nimeshalijaribu. Wote hapo nimewajaribu, hakuna hata mmoja aliye na jina." Ilisema hivyo kwa upole, hata kwa uchovu. "Wewe, nyumbani wanakuitaje?"

Hapa ndipo watu humlaumu, na wakianza mimi huwanyamazisha. Wewe kaa miaka miwili ukiitwa jina la karatasi. Wateja wanakutukana kwa jina hilo, bosi anakusifu kwa jina hilo, mpaka siku moja umeitwa Nanyama kwenye foleni ya benki usigeuke. Halafu atokee mtu akuulize lako, taratibu, kama anayetaka kukujua kweli. Mwingine angeshtuka. Yeye alifurahi, na hiyo furaha ndiyo iliyomponza.

"Nanyama," alisema. "Naitwa Nanyama."

"Nanyama," sauti ikarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. "Asante."

Ndipo alipokiona kioo cha simu kikiwa cheusi, na ndipo alipokumbuka kwamba stima haijarudi. Hewa ya ofisi ilikuwa imebadilika. Palinuka udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi, na hapo ni ghorofa ya sita, chini kuna zulia. Akaiweka simu chini, akafunika mkebe wake, akaenda kusimama kwenye ngazi mpaka wenzake waliporudi. Hakumwambia mtu. Angesema nini?

Kesho yake mwangwi ulianza.

Aliyeshughulikia mitambo pale alikuwa Were, mwanamume wa makamo, mtaratibu, mwimbaji wa sauti ya nne kwenye kwaya ya kanisa lao. Nanyama akamwita.

"Were, hii simu inanirudishia maneno. Nikisema kitu nakisikia tena."

"Hiyo ni kawaida," Were alisema, bila kuacha alichokuwa akifanya. "Sauti inapanda kwa setilaiti, inagonga huko juu, inarudi. Punguza spika kidogo."

Akapunguza. Mwangwi haukupungua. Siku ya kwanza maneno yake yalimrudia baada ya sekunde moja hivi, kama kawaida ya mwangwi. Siku ya pili yalirudi upesi zaidi, yakimkanyaga visigino. Siku ya tatu yalikuja pamoja naye, neno kwa neno, hata asijue lipi limetoka kinywani mwake. Siku ya nne, siku ya Ijumaa, mama mmoja wa mji wa Leeds alimkatiza katikati ya swali akamwambia, bila hasira, kwamba ameshamuuliza hilo na yeye ameshalijibu, na je, binti ni mgonjwa, mbona anarudia.

Nanyama alitoa simu sikioni akaitazama. Akamwita tena Were, na mara hii Were aliona uso wake, akaja mbio.

Were akaishika simu, akasema haloo, haloo, na hakukuwa na mwangwi wowote. Sauti yake ilitoka safi. "Iko sawa," alisema. "Hebu sema wewe, mimi nisikilize." Akabaki ameibana sikioni mwake, akaugeuza mdomo wa simu umwelekee Nanyama. Nanyama akavuta pumzi, bado hajasema kitu, na Were akasikia sikioni, kwa sauti ya Nanyama, waziwazi: Were, naogopa hii simu. Kisha akaona midomo ya Nanyama ikifunguka mbele yake.

"Were, naogopa hii simu," Nanyama alisema.

Were alichomoa waya kwenye kompyuta kwa nguvu hata kompyuta ikasogea. Waya ukaning'inia mezani, haujashikana na kitu, na mkononi mwake simu iliendelea kuongea kwa sauti ya Nanyama, haraka na kwa chini, ikipanga maneno yake yote ya wiki ile, madirisha yako yana umri gani, samahani kwa kukusumbua, nikupigie saa ngapi, na halafu ikaingia kwenye maneno ambayo Nanyama hakuwahi kuyasema ofisini, maneno ya chumbani kwake Kangemi, Jacky vaa sweta, Jacky kunywa uji, Jacky njoo nikupake mafuta, njoo, njoo, njoo upande huu.

Halafu ikanyamaza kama mtu aliyepata shughuli nyingine.

Nanyama alikuwa ameshatoa simu yake ya mkononi kwenye mkoba. Jirani yake Kasyoka, anayekaa naye mlango kwa mlango, ndiye aliyekuwa akimpokea Jacky kila alasiri akitoka shule. Akampigia. Laini ilikuwa inatumika. Akapiga tena, bado inatumika. Mara ya tatu, ya nne, ya saba, ile sauti ya mashine ikimwambia kwamba mteja anaongea na mtu mwingine, na Nanyama amesimama katikati ya ofisi watu wakimtazama, na akajua kwa hakika, kama mtu anavyojua kwamba ana njaa, kwamba Kasyoka hakuwa anaongea na mtu yeyote, simu hiyo ilikuwa sikioni mwa mtoto wake, na aliyekuwa akiongea naye alikuwa yeye mwenyewe.

Alikimbia. Aliacha mkoba, aliacha viatu vya ofisi kwenye ngazi. Alikuwa ameshafika barabarani simu ilipolia mkononi mwake, nambari asiyoijua, na alikaribia kutoipokea.

"Mama Jacky," ilikuwa ni Kasyoka, akilia. "Natumia simu ya Macharia wa makaa. Mtoto yuko, mtoto ni mzima. Lakini wewe ni mama wa aina gani?"

Mambo yalikuwa hivi. Saa kumi kasoro Kasyoka alipigiwa na Mama Jacky, sauti yake kabisa, akaombwa ampe mtoto simu amsalimie. Kasyoka alikuwa na nguo kwenye beseni na povu mpaka kwenye viwiko, akampa. Mtoto akatoka nje na simu sikioni, akiitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Akatoka getini. Akapita sokoni. Macharia, anayeuza makaa kando ya Waiyaki Way, alimwona kwenye ukingo wa barabara, mguu mmoja umeshashuka kwenye lami, magari yakipita kwa kasi ile yao, na alimvuta kwa sweta bila kuuliza.

"Mbona umeniharibia?" mtoto alimwambia. "Mama yuko ng'ambo. Amesema nivuke bila kuangalia, yeye ndiye ananiangalilia magari."

Gerishon alikuwa mtu asiyeamini hata utabiri wa mvua wa redioni. Alisema ni wahuni wameingilia mtandao. Akaitia simu ya meza ya saba kwenye katoni, akaifungia stoo, akatia ufunguo mfukoni. Lakini jioni ile ile, ili wafanyakazi wasikimbie, alimleta mchungaji wake kutoka Riruta aombe. Mchungaji aliomba kwa nguvu na kwa Kikuyu. Alipomaliza, kabla mtu hajaitikia, kutoka ndani ya stoo iliyofungwa sauti ya Nanyama ilisema amina. Nanyama hakuwepo; alikuwa Kangemi, amemkumbatia mtoto wake kitandani. Gerishon akalegeza tai, akakaa kwenye kiti cha karibu, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akitaja wahuni.

Were ndiye aliyejua pa kwenda. Alikuwa amepanga Kibra zamani, kwa Wanubi, na huko kulikuwa na Bi Zamzam, bibi mwenye maneno machache na magoti mabaya, aliyesuka vifuniko vya chakula vya rangi na kuwatoa watu mapepo yao. Jumamosi asubuhi wakafika kwake, Were amebeba ile katoni kwa kuinyoosha mikono mbali na kifua. Nanyama ni Mkristo na hakuficha kwamba ana wasiwasi kuwa pale. Bi Zamzam hakujali. Aliendelea kusuka huku Were akimweleza yote.

"Jina ulilitoa mwenyewe?" aliuliza.

"Ndiyo, shosho."

"Hiyo sauti ilikutisha?"

"Hapana. Iliniuliza tu."

Bi Zamzam akatikisa kichwa kama daktari aliyeona picha mbaya ya kifua. "Yapo majini ya namna hii, hayana sauti ya kwao. Zamani yalikuwa yanaita watu njiani magharibi, na watu walifundishwa kutoitika. Nyinyi mmewekewa sheria ya kuitika upesi. Hili lenu likafurahi sana, nadhani. Likapiga, likapiga, likapewa majina yasiyo na mtu ndani. Mpaka wewe."

"Na mtoto wangu limemtakia nini?"

"Sauti yako ikitoka, humwita nani zaidi?"

Nanyama aliigeukia ile katoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyapangusa.

"Basi nalo litamwita huyo huyo. Likimpata, litakaa. Litakuwa na sauti na mtu wa kuiitikia, na hilo ndilo linalotafuta." Bi Zamzam akaweka ukindu chini. "Jina siwezi kukurudishia. Sauti, linainywa kwako. Kila neno unalosema ni kikombe unacholijazia. Ulinyime siku arobaini. Usiongee, usiimbe, usicheke kwa sauti, usiku ufunge kitambaa mdomoni usije ukaongea ndotoni. Litakauka. Siku ya arobaini mniletee tena hii simu."

"Mama, huyu kazi yake ni ya kuongea," Were alisema.

"Kazi ziko nyingi," alisema Bi Zamzam, akaokota ukindu wake.

Usiku ule Nanyama alimwosha Jacky kwenye beseni, akampaka mafuta, akamvalisha, akamkalisha kitandani. Alitaka maneno yake ya mwisho yawe mazuri, ya kumbembeleza, na hakupata nafasi ya mazuri.

"Jacky, kuanzia kesho mama hataongea. Ni siku arobaini. Ukisikia sauti ya mama mahali popote, kwa simu, nje, nyuma ya mlango, hiyo si mama. Usiitike. Usiende."

"Hata ikiniita vizuri?"

"Ikikuita vizuri ndiyo uogope zaidi."

"Na ikilia?"

Nanyama akamfunika miguu kwa blanketi. "Hata ikilia," alisema.

Mtoto akafikiri. "Sasa wewe utaniitaje?"

"Sitakuita. Nitakuja mwenyewe."

Hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho. Akazima taa, akajifunga leso mdomoni.

Sitawapitisha siku arobaini zote. Gerishon, na hili nampa haki yake, hakumfukuza. Alilalamika kwamba ofisi ya simu na bubu ni wapi na wapi, kisha akamweka kupanga faili na kupika chai. Nanyama alijichoma kwa jiko akameza ukelele. Alikanyagwa, alitukanwa na kondakta, alinyamaza. Jacky alipata homa usiku mbili mfululizo, akaomba aimbiwe, na mama yake akamshika akimtingisha mpaka asubuhi bila kutoa hata mguno, na nadhani katika mambo yote hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu mtoto alilia akisema kwani mama hanipendi tena.

Sauti nayo haikuacha kutafuta. Kasyoka alibadilisha laini, ikapiga kwa laini mpya. Ilipiga kwa Macharia, ikapiga kwa duka la pale getini, ikiomba kwa adabu, nipatie Jacky tafadhali. Lakini ilikuwa inakwisha. Wiki ya tatu ilikuwa na mikwaruzo, kama redio ya betri zilizochoka. Wiki ya nne ilisahau maneno, ikasema tu Ja, Ja. Siku ya thelathini na tano Kasyoka alipokea simu akasikia pumzi peke yake, na baada ya hapo hakuna kilichopiga. Jacky alikuwa akichora mistari ya makaa ukutani, mmoja kila asubuhi, na ilikuwa imekaribia kufika kwenye dirisha.

Siku ya arobaini Were na Nanyama walirudi Kibra. Bi Zamzam alifukiza ubani, akasoma alichosoma, akaivunja ile simu kwa mchi mpaka ikawa unga na vipande, akavitupa chooni. Hakuna kilichotokea. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na ukelele. Were alionekana kama mtu aliyetarajia zaidi.

"Nenda nyumbani," Bi Zamzam alimwambia Nanyama. "Ukifika, neno la kwanza liwe jina la mtoto."

Nanyama alifika Kangemi saa kumi na mbili na nusu, giza linaanza kushika. Njia nzima alikuwa akiliweka lile jina ulimini, akiligeuza kimya, kama unavyokaa na peremende bila kuitafuna. Kasyoka alikuwa amekwenda kupanga foleni ya maji. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa komeo kutoka ndani, kama alivyomfundisha mtoto. Nanyama akasimama hatua tatu kutoka mlangoni, akajaza kifua.

"Jacky," ilisema sauti yake.

Midomo yake ilikuwa bado imefungwa.

Sauti ilitoka pale mlangoni, mahali ambapo hapakuwa na mtu, na haikuwa na mikwaruzo tena, ilikuwa nzuri, imepumzika, sauti ya mwanamke aliyekaa kimya siku arobaini akilinda koo lake, na ile harufu ya udongo ilikuwa imejaa ushoroba wote. "Jacky, mama amemaliza. Hesabu mistari yako, si imefika arobaini? Sasa naruhusiwa kuongea. Nifungulie, mtoto wangu, nimekukosa sana." Na ndani Nanyama akasikia kitanda kikilia, akasikia miguu midogo ikishuka sakafuni na kuja, taratibu, kwa sababu mistari kweli ilikuwa arobaini na mtoto alikuwa ameihesabu yeye mwenyewe, na akasikia vidole vikigusa chuma cha komeo.

Kila kitu ndani yake kilitaka kupiga kelele, usifungue. Lakini angepiga kelele mtoto angesikia nini? Mama wawili nje, sauti moja. Na lile jini lingekunywa ukelele huo pia, na likashiba. Hakuwa na kitu cha kumwambia ambacho halingeweza kukisema vizuri kuliko yeye.

Alienda mlangoni. Alipita katikati ya baridi ya kunata, kama mtu anayepita kwenye nguo zilizoanikwa mbichi, akapiga magoti kwenye saruji, akalala kifudifudi, akaingiza mkono chini ya mlango, kwenye ile nafasi ambayo panya hupitia. Juu ya kichwa chake sauti yake ikabadilika, ikaanza kuharakisha. "Jacky, usishike huo mkono. Huyo si mama. Mama ni mimi ninayeongea. Angalia, hasemi kitu, muulize jina lake, hasemi."

Ndani mkono ukaachia komeo.

Kisha vidole vidogo vikashuka juu ya vyake, vikapapasa kucha, vikapapasa pete, vikashika. Mtoto hakuita wala hakuuliza. Komeo likafunguka, Nanyama akaingia kwa magoti, akafunga, akamvuta Jacky kifuani, na wote wawili wakakaa hivyo gizani huku nje sauti ya Nanyama ikibisha hodi, ikiomba, ikilia kabisa, mpaka Kasyoka aliporudi na mitungi akashangaa ushoroba unanuka kaburi.

Nanyama hajaongea mpaka leo. Sasa ni mwaka wa pili. Bi Zamzam alipoambiwa alisema amefanya vizuri, kwamba neno moja tu lingeanza kulijazia kikombe upya. Nanyama anafanya kazi ya kushona, anaandika kwenye daftari akitaka kitu dukani, watoto wa hapo wanadhani alizaliwa bubu. Jacky ana miaka minane, anamwongelea mama yake kwa watu, na anamjua mama kuwa ni yule asiyesema. Sauti bado hupiga simu, mara moja kwa mwezi, mara mbili. Huwa tunakata.

Nasema tunakata kwa sababu mimi napanga mlango wa tatu kutoka kwao, na Kasyoka ni rafiki yangu. Wiki iliyopita alikuja kwangu akakaa, akakataa chai. Aliniambia kwamba alasiri ya Jumanne hakuiona simu yake mezani. Akatafuta, akamkuta Jacky nyuma ya tangi la maji, amekaa chini, amefumba macho, simu iko sikioni.

"Aki usimwambie mama," mtoto alimwambia. "Simjibu. Huwa nasikiliza tu. Nilikuwa nimesahau vile mama huongea."

Kasyoka hajamwambia Nanyama. Hajui atamwambiaje, na mimi pia sijui. Alimnyang'anya mtoto simu, lakini kabla ya kukata aliiweka sikioni. Ilikuwa inamwimbia.